Kapu la Nyama Isiyo na Chumvi

Binti yangu ameniletea sufuria ya umeme. Si ile ya kupikia wali. Hii ina chungu kizito cheusi ndani yake na mfuniko wa kioo, na kazi yake ni kupika polepole: unatia nyama asubuhi, unaenda zako, unarudi jioni imeiva. Aliiweka juu ya meza yangu hapa Ndungu, akaipangusa kwa pindo la kanga ingawa haikuwa na vumbi, akaanza kunifundisha kana kwamba sijawahi kupika maishani.

“Mama, mambo yameisha. Unapika mara moja tu, bila chumvi wala mafuta. Wewe una presha, baba ana sukari, mimi nanyonyesha na njaa yangu mnaijua. Kila mtu atatia chake mezani.”

Nikacheka, nikamshukuru, na alipoondoka nikaifunika kwa kitambaa. Wiki tatu sikuigusa. Mume wangu akauliza kama tunaitunza kwa ajili ya wageni. Maneno yale, kila mtu atatia chake, nilikuwa nimeyasikia zamani kutoka kinywani mwa mama yangu mzazi, mbele ya chombo kingine cha kupikia polepole, na yaliyofuata yalimharibia mtu maisha. Mtu huyo ni mama yangu mdogo, Namsifu, na aliyemharibia ni mimi.

Chombo chenyewe kilikuwa kapu. Wa rika langu mnalikumbuka, ingawa najua wengine mtajifanya mmesahau ili tuamini mlizaliwa jikoni kwenye gesi. Letu lilikuwa kapu kubwa la ukindu, limesindiliwa majani makavu ya migomba yaliyoshushwa kutoka milimani, juu yake blanketi lililochakaa, na katikati shimo la kuenea sufuria moja. Alfajiri Mama alibandika nyama kwenye mafiga, akaiacha ichemke kwa nguvu mpaka mfuniko uanze kucheza, kisha akaiepua na kuizamisha kapuni ikiwa bado inatokota. Juu akaweka mto wa sufi. Baada ya hapo moto ulizimwa, kuni zikahifadhiwa, na Mama akaenda kwenye majaruba ya mpunga mpaka jua lijifiche nyuma ya milima, na kwetu hujificha mapema. Alipofunua mto jioni, ilikuja kwanza harufu ya majani ya migomba yaliyolowa mvuke, na nyuma yake ndiyo ikaja nyama. Mpaka leo nikipita mahali wanapofunika kitu cha moto kwa majani ya mgomba, mate hunijaa na moyo hunishuka kwa wakati mmoja.

Sheria ya kapu ilikuwa moja. Halifunguliwi. Ukifungua joto linatoka, na nyama ikishapoa katikati haiivi tena hata ungeilaza kapuni siku mbili. Mimi nilikuwa nasoma zamu ya asubuhi, narudi mchana, kwa hiyo nikapewa kazi ya kulilinda. Niliifanya kazi hiyo kwa kiburi ambacho sijakiona tena kwa mlinzi yeyote.

Baba alikuwa fundi baiskeli kando ya barabara, karibu na gulio. Mwaka ule miguu yake ilianza kuvimba. Kwanza viatu vilimkataa, halafu na kandambili zikamkataa, akazikata mikanda na kuifunga upya kwa mpira wa tairi. Alipoanza kuhema kwa kufunga tu spoki, Mama alimpeleka Same kwa daktari. Walirudi na mfuko wa vidonge na agizo moja lililobadilisha nyumba nzima: moyo wake umechoka, chumvi marufuku.

Shida ni kwamba nyumba yetu haikuwa ya mgonjwa mmoja. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amebakiwa na ufizi mtupu, na nyama ya Ndungu si mchezo. Wafugaji wa tambarare hawakuuza ng'ombe mpaka amezeeka na kuchoka kutembea, kwa hiyo tulichokula kilikuwa kimetembea sana. Kisha alikuwapo mama mdogo Namsifu, mdogo wake Mama, aliyeteremka kwetu kutoka mlimani akiwa na mimba ambayo hakutaka kumtaja mwenye nayo. Baba yake alikuwa amemfukuza. Harufu ya nyama ilimchefua, akawa anataka ndizi tu, na chumvi nyingi. Mimi nilikuwa mtoto, nilitaka kila kitu.

Mama alisimama katikati ya watu hao na sufuria yake moja. Kupika mara tatu kwa siku asingeweza, mpunga ungemezwa na magugu. Ndipo akakata shauri. “Nitapika nyama na ndizi pamoja, bila chumvi hata chembe. Nitaitia kapuni ilainike kwa ajili ya Bibi. Jioni napakua, na kila mtu atatia chake.” Chumvi ikawekwa kwenye kisahani juu ya rafu, mbali na jiko, na Baba akapewa mahali pa kukaa ambapo mkono wake haukifikii. Siku zisizo na nyama tulipika makande kwa namna hiyohiyo. Majirani walikuja kuonja na kumsifu. Nami nilimwona mama yangu ameishinda hospitali.

Kazi yangu ya pili ilikuwa magadi. Bibi ndiye aliyenifundisha. Yalinunuliwa gulioni kwa kipande, mawe meupe yenye vumbi la kahawia, nikayatwanga kwa jiwe na kuyaweka kwenye kopo. Sufuria ikikaribia kuepuliwa, Bibi alinionyesha vidole viwili na dole gumba. “Kiasi hiki. Ukizidisha mchuzi unateleza kama sabuni. Ukipunguza nitakufa na njaa huku nyama ninaiona.” Nyama ya ng'ombe wale wazee ililegea vizuri, maharage yakapasuka, na Bibi akala bila kulalamika. Nilijua kwamba bila vidole vyangu vitatu kapu lingekuwa kapu tu.

Jioni, baada ya kula, nilikaa chini karibu na miguu ya Baba na kuipima. Nilibonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo, nikahesabu mpaka kumi, nikaondoa. Shimo lilibaki. Nilikuwa nimekwisha kujifafanulia ugonjwa wote. Nilikuwa nimeona chumvi kwenye kisahani ikilowa yenyewe wakati wa mvua, bila mtu kuimwagia maji, kwa hiyo nikaelewa kwamba chumvi huvuta maji popote yalipo, na kwamba ndani ya miguu ya Baba kuna chumvi ya zamani inayovuta. Tukiacha kuilisha, itakwisha. Baba alinisikiliza nikimweleza haya, akasema mwanangu utakuwa daktari. Nimekuwa mkulima wa mpunga, lakini siku ile nilimwamini.

Miguu haikupungua. Wiki za mwanzo ilionekana kama inapungua, labda kwa vidonge, halafu ikaanza kupanda. Shimo la dole gumba likahama kutoka kifundoni mpaka katikati ya muundi, na mimi nikalifuata. Baba akawa analala ameegemea gunia la mpunga kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Mama alimpeleka tena Same, na tena akaulizwa kuhusu chumvi, na Mama akaapa kwamba haigusi. Waliporudi nilimsikia Bibi akimwambia Mama uani, kwa Chasu, lugha yetu, na kwa sauti ya chini ambayo watoto huisikia kuliko zote, kwamba dawa haishindwi bure. Ndani ya nyumba hii kuna mtu anatia chumvi.

Maneno yale yaliniingia kama kazi niliyopewa mimi. Kapu lilikuwa langu. Kama chumvi inaingia, inaingia mimi nikiwa shuleni, au mimi nikiwa nimesinzia. Siku iliyofuata nikarudi mapema, sikupita mlango wa mbele, nikazunguka na kuchungulia kwenye upenyo wa ukuta wa jiko.

Mama mdogo alikuwa amepiga magoti mbele ya kapu. Mto wa sufi ulikuwa pembeni. Alifungua fundo la kanga yake, na ndani ya fundo niliona chumvi, nyeupe kabisa dhidi ya kanga ya bluu. Alichota, mkono ukaingia kapuni. Mgongo wake ulikuwa upande wangu, na sikuona mkono uliishia wapi. Alikaa kidogo akivuta ile harufu ya majani, kisha akarudisha mto taratibu na kuupigapiga kila upande ili joto lisitoke.

Sikusema siku ile. Nilikula huku nikimwangalia Baba akimeza. Nilisema kesho yake, sufuria ikiwa imekwisha kuoshwa, na nilianza na Bibi kwa sababu nilijua Bibi ataniamini.

Waliniita ndani mchana wa siku ile. Baba alikuwa kwenye gunia lake, Mama amerudishwa kutoka majarubani na matope yakimkaukia miguuni, Bibi kwenye kigoda. Mama mdogo alisimama mlangoni, ameshika tumbo. Bibi akaniambia niseme nilichoona, nikasema. Fundo, chumvi, mkono, kapu.

“Akatia ndani ya sufuria?” Mama akauliza.

Nimeishi na swali hilo kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Sikuwa nimeona sufuria. Nilikuwa nimeona mgongo. Lakini watu wazima wanne walikuwa wananitazama, na Baba alikuwa anahema, na mimi nilikuwa mlinzi.

“Ndiyo,” nikasema.

“Nilitia kwenye kopo langu,” mama mdogo akasema. “Naweka ndizi zangu kwenye kopo lenye mfuniko, nalichomeka kando ya sufuria liivie joto. Nyama siiwezi. Dada, unajua nyama siiwezi.”

“Kopo gani?” Bibi akauliza. “Lilete.”

Alileta kopo. Lilikuwa limeoshwa, kavu, tupu. Kopo tupu halikumsaidia kitu. Mtu aliyekwisha kuficha jina la baba wa mtoto wake, nani angemwamini habari za kopo? Baba alimwangalia kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

“Shemeji,” akamwambia, “nimekukosea nini?”

Nilimwona mama mdogo anamtazama dada yake, akimngojea. Mama alikuwa anaangalia matope ya miguu yake.

Ikaamuliwa arudi mlimani. Asubuhi ya kuondoka kwake, mama mdogo ndiye aliyeamka kwanza, akakoroga uji wa nyumba nzima kama desturi yake. Alimpa Bibi bakuli kwa mikono miwili. Bibi hakulipokea. Kwetu mpishi wa pombe huonja kikombe cha kwanza mbele ya wageni, waone hakuna ubaya, na kila mtu anajua maana yake. Kwa uji wa nyumbani haifanywi.

“Onja wewe kwanza,” Bibi akasema.

Mama mdogo akaonja. Akatukabidhi mabakuli mmoja mmoja, akaonja la kila mtu kabla hajampa, hata langu. Kisha akafunga kanga zake na Mama akampeleka mlimani kwa baba yake aliyemfukuza. Niliwasindikiza mpaka pale njia inapoanza kupanda. Kabla ya kunipa mgongo alinishika kichwa, akasema, “Umelilinda vizuri kapu la baba yako.” Nilirudi nyumbani nikiruka. Nilidhani amenisifu.

Nikalilinda zaidi. Baba akawa anachoka kutafuna, akimung'unya kipande kimoja mpaka mchuzi upoe, na hilo niliona naweza kulitibu. Bila kumwambia Bibi nikaongeza magadi. Badala ya kiasi cha vidole vitatu nikatia mara mbili, na siku nyingine mara tatu, nikitazama mchuzi usije ukateleza. Nyama ikawa laini hata kijiko kiliikata. Baba alinitazama akasema hii sasa ni nyama ya mfalme, akala, akaomba nyingine. Sijawahi kumfurahia mtu akila kama nilivyomfurahia yeye siku zile.

Alifariki mpunga ulipoanza kuinama. Miguu ilikuwa imevimba mpaka mapajani, na dole gumba langu halikuwa na haja tena ya kubonyeza kwa nguvu. Watu wazima walisema chumvi ya Namsifu ilikuwa imekwisha kufika moyoni kabla hatujaigundua. Mimi nililia, nikajuta kwamba sikurudi mapema siku za nyuma na kuchungulia.

Mama mdogo hakusemwa hadharani. Kwetu mambo hayasemwi, yanafanywa. Alijifungua mtoto wa kike, akamlea peke yake mlimani, akalima tangawizi. Kwenye harusi na misiba aliketi na wanawake wenzake kumenya ndizi, lakini ndizi zikishaingia kwenye sufuria kubwa na mwiko ukashikwa, kulikuwa na mtu wa kumwita kwa upole: Namsifu, njoo utusaidie kuosha vyombo. Namsifu, kuni zinapungua. Niliyaona haya nikiwa msichana, nikiwa mke wa mtu, nikiwa mama. Mnaojua pilika za shughuli mnajua maana ya mwanamke wa umri ule kutoshika mwiko hata siku moja. Wasichana wadogo walikoroga, naye anapita na masinia machafu. Naye hakugoma. Aliosha vizuri kuliko wote.

Miaka sita iliyopita, nilipoanza presha, nilikaa kwenye benchi la zahanati na akina mama wengine, na muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya ukali, akatupitia mmoja mmoja. Nilipofikiwa nikajigamba kwamba chumvi siitii kabisa, nimeizoea tangu utoto.

“Magadi je?”

“Magadi natia. Hayo si ya kulainishia tu?”

Benchi zima likaitikia, hata sisi, hata sisi. Muuguzi akaweka kalamu chini. “Mama zangu, mnaacha chumvi halafu mnatia magadi. Kwa presha, kwa moyo, kwa kuvimba miguu, ni yaleyale. Ulimi tu ndio hauitambui chumvi yake.”

Wenzangu walicheka na kunung'unika kwamba sasa maharage yataivaje. Mimi nilikuwa naangalia mkono wangu. Vidole viwili na dole gumba, vilikuwa vimejikusanya vyenyewe juu ya goti.

Sijui kama magadi ndiyo yaliyomuua Baba. Nilimuuliza yule binti, bila kutaja jina la mtu, akasema moyo ukishachoka umechoka, huenda angekufa tu, huenda angesogea mbele kidogo. Huenda. Ninachojua ni kwamba nyumba nzima ililinda mlango mmoja, nami nikawa napita mlango wa pili na kopo langu la magadi, kila siku, kwa upendo. Na kwamba mama mdogo alisema kweli.

Ningeenda kwake siku ileile. Sikwenda. Mama yangu alikuwa hai bado, naye alikuwa ameumeza uamuzi ule wa kumtoa mdogo wake miaka yote kwa sababu aliamini ulikuwa wa haki. Nilianza kumwambia mara mbili, mara zote mbili akaniuliza mbona nimekonda. Akafa bila kujua. Msibani kwake, uani, mwiko wa sufuria ya nyama ulikuwa umeegemezwa ukutani, mpishi amekwenda kufuata maji. Mama mdogo akauchukua. Labda alisahau. Labda alidhani kwa msiba wa dada yake mwenyewe wangemwachia. Mwanamke mmoja mzee akautoa mkononi mwake kwa adabu kabisa, akasema pumzika, mama, wewe ni mfiwa. Nami nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, nimeshika bakuli la vitunguu, nikijua yote. Nilikata vitunguu.

Basi wiki iliyopita nikaifunua sufuria ya umeme. Nilitia nyama na ndizi, bila chumvi kwa sababu hata mama mdogo sasa ana presha, bila magadi. Umeme ulikatika mara mbili, na mchana nikaona sina ninachongoja. Nikakifunga chungu kwa blanketi, nikakisindilia kwenye kapu la sokoni, nikapanda bodaboda mpaka mlimani nikiwa nimelikumbatia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nilimkuta mlangoni kwake anaota jua.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Nani? Ah, wewe. Umenenepa, wanakulisha.” Akacheka. Meno yamebaki mawili. Mikono ilikuwa mapajani na ilikuwa inatetemeka yenyewe, kwa namna ambayo sikuwa nimeiona msibani, na alipojaribu kupokea bakuli nililompakulia mchuzi ulimmwagikia. Nikalishika mimi. Akatafuna kijiko cha kwanza muda mrefu.

“Nyama yako imekaza,” akasema. “Hukutia magadi?”

Maneno niliyoyapanga yalipotea. Nikamwambia ovyoovyo, muuguzi kwanza, kisha kopo langu la magadi, kisha mgongo wake nilioona na sufuria ambayo sikuiona. Kuku alipita kati yetu, mama mdogo akamfukuza kwa mguu.

“Umelijua lini?”

“Mwaka wa sita huu.”

“Dada alijua?”

“Hapana.”

“Alikufa akijua ni mimi.”

“Ndiyo, mama mdogo.”

“Na msibani kwake wewe ulikuwa unajua.”

Nikaitikia kwa kichwa. Akainua mikono yake, akaitazama ikitetemeka mbele ya macho yake kama mikono ya mtu mwingine.

“Siku ile ilikuwa bado inashika mwiko,” akasema.

Nililia. Nikamwambia nitawaita ndugu wote, nitasimama kanisani, nitasema mbele yao kwamba ni mimi. Akatikisa kichwa. “Utamwambia nani? Waliokuwa wanajua wamekufa. Hawa waliobaki wananituma kuni kwa mazoea tu, hawajui hata kwa nini. Ukisimama ndiyo watajua.” Nilitafuta kitu kingine cha kumpa, na sikuwa na kitu. Nilikuwa na nyama ngumu kwenye kapu.

Mchuzi ulikuwa unapoa. Nikachota kijiko, nikakipeleka mdomoni mwake, lakini hakufumbua kinywa. Alinitazama. Sikuweza kujua kama ananitania au la, na sijajua mpaka sasa.

“Onja wewe kwanza,” akasema.

Nikaonja. Haukuwa na chumvi, wala magadi, wala ladha yoyote. Nikachota kingine, nikakipuliza ingawa hakikuwa cha moto tena, naye akafumbua kinywa.